BREKI KWANZA, KOFI BAADAYE
Mwendesha Baiskeli na Wadudu wa Njiani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Sijui wangesemaje kama wangalipanda baiskeli wakati wa magharibi kando ya Ziwa Victoria. Nadhani wangesema: mdharau mdudu huamkia mtaroni.

Shule yetu, kama mjuavyo, ni ya kutwa. Hatuna bweni hata moja. Walio karibu huja kwa miguu, walio na nauli hupanda bodaboda, na sisi tuliobaki tunanyonga baiskeli. Hebu nenda ukazihesabu zile zilizoegeshwa chini ya mwembe nyuma ya maabara, utajua kwamba sisi si wachache. Wengine wanatoka ufuoni, wengine mashambani, na wengine mbali kabisa, upande wa bonde la Lambwe karibu na Mbuga ya Ruma. Tunatoka nyumbani jua halijachomoza na kurudi jua linapozama. Sasa balaa ni kwamba saa hizo hizo ndizo saa za wadudu. Sisi tunakwenda kutafuta elimu, wao wanatafuta riziki, na njia ni moja.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aliingiwa na kijidudu jichoni akiteremka mlima. Aliachilia usukani kwa mkono wa kushoto ili ajipanguse. Mkono wa kulia, kwa hofu, ukakaza breki ya mbele peke yake. Baiskeli ikamtupa kama mkokoteni unavyomwaga mchanga. Alivunjika mfupa wa bega, na mitihani ya mwisho wa muhula aliisikia kwa masikio tu. Ajabu ni kwamba yule mdudu hakumwuma hata kidogo! Alikuwa mdudu asiye na meno ya kumwuma mtu. Kilichomvunja mwenzetu ni kofi lake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nimeona niandike makala haya. Watu wengi huwatendea wadudu wote namna moja, yaani wanapunga mkono na kuongeza mbio. Dawa hiyo kwa mdudu mmoja inafaa, kwa wa pili haina maana, na kwa wa tatu ni hatari tupu. Kila mdudu ana tabia yake. Ukiijua tabia yake utajua ukimbie, upunguze mwendo au usimame. Tuwaangalie mmoja mmoja, wale wanne wanaotusumbua zaidi katika njia zetu.

1. SAMI, WINGU LISILO NA MVUA

Wale wa ufuoni wanawajua. Ukitazama ziwani asubuhi utaona kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji, kana kwamba meli inaungua. Si moshi wala si mvua. Ni vijidudu mamilioni kwa mamilioni ambao Wajaluo huwaita sami. Watoto wao huishi ndani ya matope chini ya ziwa. Wakikomaa hupanda juu ya maji, huota mbawa na kuruka kwa pamoja ili wapandane na kutaga mayai. Maisha yao ya kuruka ni mafupi mno, na wale wakubwa hawana hata haja ya kula. Kwa hivyo hawaumi. Baadhi yao hutokea kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo, kwa hiyo mwenye kalenda anaweza kujiandaa.

Watu wa ufuoni huwakamata kwa beseni au sufuria iliyopakwa mafuta, wakawakanda na kuwapika kama mkate au andazi. Ni chakula chenye protini nyingi. Kwa hivyo ukimmeza mmoja bahati mbaya, usilie. Kohoa, kunywa maji, endelea na safari. Umekula kiamshakinywa cha pili bila malipo.

Shida ya sami ni macho. Tulifundishwa katika fizikia kwamba kitu kinachokwenda kina nishati, na kwamba ukipunguza kasi kwa nusu, nishati hiyo hubaki robo. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita tano kila sekunde. Kwa kasi hiyo hata sami, ambaye uzito wake si kitu, hukugonga mboni ya jicho kama punje ya mchanga iliyorushwa. Sembuse mbawakawa mzito anayekujia kutoka mbele! Hapo kasi yake na yako zinajumlishwa, na ukipigwa nacho kwenye paji la uso utadhani umerushiwa jiwe na adui.

Basi ukiliona wingu la sami mbele yako, usiongeze mbio. Punguza. Inamisha kichwa kidogo ili kofia au paji la uso litangulie, funga mdomo, pumua kwa pua, na utazame njia kwa macho nusu. Mwenye miwani yoyote avae, hata kama ni ile ya jua, mradi kungali na mwanga. Mwenye kitambaa afunge pua na mdomo. Ukiwa kwenye mazungumzo na mwenzako, katiza hadithi hapo hapo. Wambeya ndio wanaokula sami wengi zaidi!

Sami hupenda taa. Usiku, taa ya dainamo yako ni kama kengele ya chakula kwao. Usiizime, maana dereva wa lori asipokuona hutakuwa na haja ya kuogopa wadudu tena. Iinamishe tu imulike barabara hatua chache mbele ya gurudumu, isikumulikie hewani. Pia usisimame chini ya taa ya duka kumngoja mwenzako. Simama pembeni kwenye giza kidogo, mahali salama.

Je, kama ameshaingia jichoni? Hapa ndipo penye kichwa cha makala haya. BREKI KWANZA, KOFI BAADAYE. Mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Funga jicho lililoingiwa, fungua lile zima, kaza breki zote mbili polepole, toka barabarani, teremka. Ukishateremka usilisugue jicho, maana kusugua ni kumsaga mdudu juu ya mboni. Pepesa mara nyingi, machozi yenyewe yatamleta kwenye kona. Asipotoka, mwagia maji safi ya kunywa kutoka kwenye chupa yako, siyo maji ya mtaro. Jicho likiendelea kuuma au kuwa jekundu hadi siku ya pili, nenda zahanati.

Na akiingia sikioni usimchokoe kwa njiti ya kiberiti wala kifuniko cha kalamu. Atazidi kuingia ndani. Inamisha kichwa upande ule, vuta ndewe ya sikio, umpe nafasi atoke. Akikataa, nyumbani watakutilia matone ya mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu mdogo sana, naye ataacha kupapatika. Lakini mwenye sikio linalotoka usaha asitie kitu chochote, aende moja kwa moja kwa daktari.

2. MBU, MWIZI WA WALIOSIMAMA

Nakuja kwa yule tunayemjua sote. Wengi wanadhani mbu huwauma wakiwa wanaendesha. Si kweli. Mbu ni mrukaji mvivu. Kasi yake haifiki hata kilomita 3 kwa saa, na mtu anayetembea kwa miguu huenda kama kilomita 5. Baiskeli inapotembea, mbu hakuwezi ng'o! Hatari inaanza unaposimama.

Na unaposimama unakuwa umeshajitangaza. Mbu jike, ambaye ndiye anayeuma peke yake kwa kuwa anataka damu ya kukuzia mayai, hutafuta watu kwa kufuata hewa tunayoitoa puani, joto la mwili na harufu ya jasho. Mtu aliyetoka kunyonga baiskeli kilomita saba anahema kama mvukuto, amepata joto, na anatoa jasho mpaka kwenye soksi. Kwa mbu huyo ni karamu iliyotangazwa kwa tarumbeta.

Sasa fikiria ni wapi tunaposimama. Tunasimama cheni ikichomoka. Tunasimama gurudumu likipata pancha. Tunasimama langoni tukipiga soga mpaka giza linaingia. Tunasimama kwa fundi wa baiskeli, ambako kuna matairi makuukuu yenye maji ya mvua ndani, na humo mna viluwiluwi vya mbu wanaocheza kama wako kwenye bwawa la kuogelea. Kwa hivyo nasema, kinga ya kwanza ya mwendesha baiskeli dhidi ya mbu ni spana na kibandiko cha pancha! Mwenye baiskeli nzima hasimami njiani. Kaza cheni Jumamosi, pima upepo Jumapili, na Jumatatu utafika nyumbani bila kumlisha mtu.

Ukilazimika kusimama jioni, shusha mikono ya sweta, pandisha soksi, na wasichana ambao sare yao ni sketi wabebe suruali nyepesi ya kuvaa ndani wakati wa safari. Mwenye mafuta ya kufukuzia mbu apake vifundoni na shingoni, asipake karibu na macho wala mdomo. Na yale matairi ya fundi, tumwombe kwa heshima: "Mzee, shikamoo. Tukusaidie kumwaga maji haya?" Sidhani atakataa.

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na zaidi usiku wa manane. Maana yake ni kwamba chandarua kilichotiwa dawa bado ndicho ngao kuu, na mtu asijidanganye kwamba kujifunika njiani kunatosha. Lakini sisi tunaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri tunatoka ndani ya chandarua wakati mbu bado hajamaliza zamu yake. Eneo letu la ziwa ndilo lenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya. Ndiyo sababu chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto wadogo ilizinduliwa nchini huko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, mwezi wa Septemba 2019. Wadogo zetu wanachanjwa, lakini sisi wakubwa hatumo katika mpango huo. Ukipata homa, baridi na maumivu ya kichwa, usiseme ni uchovu wa kupanda mlima. Kapimwe siku hiyo hiyo. Malaria haingoji likizo, na mtihani wa taifa haungoji mgonjwa.

3. MBUNG'O, MPENDA SWETA LETU

Hapa ndipo wale wa upande wa Lambwe wanaposikiliza kwa makini. Mbung'o ni kinyume kabisa cha mbu. Yeye ni wa mchana, hasa asubuhi jua likiwa limeanza kupanda na alasiri linapoanza kupoa. Dume na jike wote wanakunywa damu. Na badala ya kuwangoja waliosimama, yeye huwafuata wanaokwenda! Kwa miaka na mikaka amezoea kufuata makundi ya wanyama wanaotembea, kwa hiyo kitu chochote kikubwa kinachopita, awe nyati, gari au mwanafunzi juu ya baiskeli, yeye humwita chakula. Ana nguvu za kuruka kwa kasi kwa muda mfupi, na anaweza kukufikia ukiwa unachapa mwendo. Kuongeza mbio ni kumwongezea hamu tu.

Jambo la pili ni rangi. Mbung'o huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Hebu sasa jitazame. Sweta la shule ni buluu iliyokolea. Baiskeli yenyewe ni zile nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba. Jamani, sisi ni mtego unaotembea!

Nasema mtego kwa sababu wataalamu walilitumia jambo hilo hilo kumkamata. Katika miaka ya 1980, huko Nguruman katika Kajiado, ilibuniwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi yenye chambo cha mkojo wa ng'ombe, ambao harufu yake mbung'o haiwezi kuipita. Mitego kama hiyo inafaa kwa sababu mbung'o hazai ovyo kama nzi wa kawaida. Jike huzaa mtoto mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Ukiwapunguza, hawajazi pengo upesi. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu ambalo Profesa Thomas Odhiambo alilianzisha Nairobi mwaka 1970. Kituo chake cha Mbita, hapa kwetu ufuoni, leo kinaitwa kwa jina lake. Mwana wa Kenya aliyejifunza tabia za wadudu amewaokoa wengi kuliko aliyewapiga makofi!

Zamani mbung'o hakuwa jambo la mzaha. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa ziwa hili, wengi wao upande wa Uganda. Nyanya yangu, ambaye kwao ni karibu na Lambwe, huniambia: "Mjukuu wangu, sisi tulihama si kwa vita, tulihama kwa nzi." Leo tuna la kushukuru. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda ugonjwa wa malale, kwa maana kwamba si tishio tena kwa afya ya umma. Maambukizo ya mwisho ya mwenyeji nchini yalionekana mwaka 2009. Lakini mbung'o mwenyewe bado yuko Ruma, bado anawapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na kuuma kwake ni kama kuchomwa na sindano ya daktari mwenye hasira. Mtu akiumwa ghafla nyuma ya shingo huruka juu ya kiti, na akiruka, usukani unakwenda unakotaka wenyewe.

Ufanyeje? Mosi, ukipita sehemu ya vichaka, vua sweta uliweke ndani ya mkoba, na uvae kitu cha rangi iliyofifia kama kaki, kizito kidogo, kwa sababu mbung'o hutoboa shati jembamba. Pili, usitegemee mafuta ya mbu. Kwa mbung'o hayaaminiki. Tatu, msiende mmoja mmoja. Mbung'o hupenda kutua mgongoni ambapo huwezi kuona, na nyani haoni kundule. Mkitoka vichakani simameni mahali peupe, kila mtu amkague mwenzake mgongo na chini ya kiti cha baiskeli, maana mbung'o hupanda bure bila nauli. Zamani katika nchi za Zambia na Zimbabwe kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo magari na baiskeli zilisimamishwa, mlinzi akawatafuta mbung'o hao kwa wavu mdogo ili wasisafirishwe mpaka nchi safi. Kama serikali zilisimamisha baiskeli kwa ajili ya nzi, nasi tusione aibu kusimama dakika moja.

4. NYUKI, ASIYETAKA UGOMVI MPAKA UUANZISHE

Nyuki mmoja anayepita hana habari nawe. Ana kazi zake. Akitua kwenye mkono, endelea polepole, ataondoka. Akiingia ndani ya shati, usimpige. Simama, livute shati mbali na mwili, mfungulie njia. Ukimbana ndipo atakapokuchoma, na akikuchoma anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Kwa nyuki wenzake harufu hiyo ni amri ya vita: adui yuko hapa, njooni!

Kundi lililochokozwa ni jambo jingine kabisa. Labda mtu amerusha jiwe kwenye mzinga, au trekta imepita karibu, au ng'ombe amejikuna kwenye mti wenye nyuki. Hapa sheria zote za sami zinageuka. Usipunguze mwendo wala usisimame kupunga mikono. Nyonga! Nyuki anaweza kuruka zaidi ya kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo huenda usimshinde mbio, lakini yeye analinda nyumba yake na hataki kwenda mbali nayo. Kwa kawaida humfukuza mtu mita mia kadhaa halafu akarudi. Kwa kasi ya kilomita 20, mita 400 unazimaliza kwa dakika moja na ushei. Dakika hiyo ni ndefu kama mwaka, lakini inakwisha. Inamisha uso, linda macho kwa kofia, na uende upande usio na watu wengi, usije ukawapelekea watoto wa shule ya msingi vita visivyowahusu. Ukiona nyumba au gari, ingia ufunge.

Usijitupe majini. Nyuki hukungoja juu mpaka uibuke kupumua, na ziwa letu, kama mnavyojua, lina viboko na mamba. Utakuwa umeruka majivu na kukanyaga moto.

Ukishafika salama ng'oa miiba mara moja. Mwiba wa nyuki hubaki mwilini na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, kwa hivyo haraka ni muhimu kuliko ufundi. Tumia kucha, vidole, ukingo wa rula, chochote kilicho karibu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Lakini mtu akianza kupumua kwa shida, midomo au uso ukavimba, mwili ukafura vipele au akaona kizunguzungu, hapo hakuna cha dawa ya nyanya. Tafuteni pikipiki au gari apelekwe hospitali upesi, hata kama amechomwa na nyuki mmoja. Aliyechomwa na wengi pia apelekwe, hata akisema yuko sawa.

MKOBA WA MWENYE BUSARA

Tahadhari kabla ya athari. Kabla hujatoka nyumbani hakikisha una chupa ya maji safi, kitambaa cha kufunga pua, kofia yenye ukingo, miwani kama ipo, spana na kibandiko cha pancha. Vitu hivi havizidi uzito wa kitabu cha jiografia. Jambo lingine, kabla ya kuilaza baiskeli nyasini ili uitengeneze, tazama chini. Siafu hawaruki, lakini wakipanda miguuni utacheza ngoma ambayo hukufundishwa na mtu.

Na mazoezi pia yanatakikana. Siku ya Jumamosi, kwenye uwanja usio na magari, jizoeze kufunga jicho moja, kukaza breki zote mbili polepole na kusimama kwa mstari ulionyooka bila kuondoa mkono. Fanya mara kumi. Siku mdudu atakapoingia, mikono itakumbuka yenyewe hata kichwa kikisahau.

OMBI KWA WALIMU WETU

Walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima nina ombi moja. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu hutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Masomo ya jioni yakimalizika saa kumi na mbili, mwanafunzi mwenye safari ya kilomita tisa anakutana na sami, mbu na malori yenye taa kali, wote kwa pamoja, katika giza. Tukiondoka nusu saa mapema, tutakuwa tumefika nyumbani kabla ya karamu hiyo kuanza. Nusu saa hiyo hatuombi ipotee. Tuko tayari kuilipa kwa kupunguza mapumziko ya mchana. Na kama itawezekana, wanaopita vichakani waruhusiwe kuvaa sweta wakishafika langoni, siyo njiani. Hatuvunji sheria za sare. Tunamnyima mbung'o chakula.

Wenzangu, hatuwezi kuhamisha ziwa wala kufukuza kila mdudu. Walikuwapo kabla yetu na kabla ya baiskeli. Lakini sami mpunguzie mwendo, mbu usimsimamie, mbung'o mvulie sweta, na nyuki mkimbie. Na kwa wote wanne, mikono yako ikae pale pale kwenye usukani mpaka magurudumu yasimame.

Breki kwanza, kofi baadaye. Safari njema, na tuonane darasani mifupa yetu yote ikiwa kamili.